Kitambulisho nakituma kwa mkono wa shangazi yako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeniomba nikipige picha kitambulisho chako, mbele na nyuma, nikurushie WhatsApp leo hii kwa kuwa Jumatatu unaripoti kazini Dodoma. Sirushi, na usinune. Shangazi yako anapanda basi Kange Alhamisi asubuhi, kadi anayo mkobani, ataikabidhi mkononi mwako. Konda simpi.

Na wewe kabla ya Jumatatu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Nilikuambia siku ya Idi, ukasema baadaye.

Picha ikishatoka hapa itakaa simuni kwangu, simuni kwako, halafu utaipeleka steshenari ikachapwe, ibaki kwenye kompyuta inayoshikwa na kila mteja. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mwenye picha hiyo ana sura yako, jina lako kamili na tarehe yako, na hayo ndiyo anayoulizwa mtu akipiga huduma kwa wateja kujifanya wewe. Sasa namba yako ya siri ya pesa bado ni mwaka wako wa kuzaliwa. Ibadilishe leo. Mtoto aliyekuwa akinikagulia daftari la mahesabu akiwa darasa la sita, kwa hili ananishangaza.

Ofisi ikitaka kopi, toa kopi mwenyewe. Piga mistari miwili ya mshazari juu yake, na katikati uandike kwa wino "kwa ajili ya ajira tu", jina la ofisi na tarehe. Usizibe namba wala sura, watakurudishia. Kopi zilizoharibika ondoka nazo. Kama umefungua WhatsApp kwenye kompyuta ya dukani, ingia kwenye simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uitoe kabla hujanyanyuka. Na una haki ya kuuliza taarifa zako zinatakiwa kwa kazi gani; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Akitokea mtu kwenye simu anajiita afisa ajira, anataka ujipige picha umeshika kitambulisho karibu na uso, usimpe, nenda ofisini kwa miguu yako. Picha ya namna hiyo inaweza kutumika kuchukulia mkopo wa mtandaoni kwa jina lako, na wewe utajua siku wanapoanza kukudai.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kidole. Ukifika Dodoma utataka laini ya mtandao wenye nguvu huko, na mwavuli wa kwanza utakaouona utasimama hapo hapo. Msajili atakwambia "hakijasoma, weka tena". Pengine kweli hakijasoma. Pengine kimesoma, na mara ya pili anasajili laini nyingine anayokwenda kuiuza, nayo itatumika kuandikia watu "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi wakiifuatilia laini hiyo, jina linalotokea ni lako. Kwa hiyo nenda duka la kampuni yenyewe, tazama kioo cha mashine kila unapoweka kidole, na usiondoke kabla hujapiga *106# ukaona kilichosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Piga kwa kila mtandao ulio na laini yake. Ukikuta namba usiyoijua, ikane pale pale dukani ukiwa na kitambulisho, iondolewe, kisha angalia tena baada ya siku chache.

Kwenye orodha utaikuta na ile laini ya mjomba wako. Wakati ule kamba za jarife, ule wavu wake wa kuvulia, zilikuwa zimekula alama za vidole vyake, mashine ikamkataa, na aliyesema "muwekee wewe" hakuwa jirani. Simu ile siku hizi inashikwa na vijana wa chomboni, kila mmoja akiitaka. Nasema iondoke kwenye jina lako. Mjomba nitampeleka mwenyewe ofisi ya NIDA, wamjaribu vidole vingine.

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati wenzako wanao, usikae kungoja urudi. Yawezekana laini imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Azima simu ya mtandao huo huo, piga 100, wafunge laini na akaunti ya pesa. Kisha benki. Kisha duka la kampuni na kitambulisho, halafu kituo cha polisi upate namba ya RB, ya kuonyesha umeripoti. Polisi nimewaweka mwisho kwa sababu pesa huondoka kwa dakika, na karatasi haiizuii. Barua pepe badilisha nywila siku hiyo hiyo. Namba sita za WhatsApp zikija kwa ujumbe hujaziomba, humpi mtu, hata akijiita mimi. Weka na uthibitishaji wa hatua mbili. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Baba yako anasema nimekushikia bango. Acha aseme. Kazi hiyo umeipata kwa jina safi, na nimefurahi mpaka majirani wamechoka kunisikia.

Kwenye mfuko wa shangazi kuna machungwa ya Muheza na samaki wa kukaanga. Samaki wale kwanza, hawatafika Jumamosi. Shuka la bluu silioni, kama ulilichukua sema nisiendelee kupekua. Bati la jikoni limeanza tena kuvuja upande wa jiko la mkaa, fundi anataka misumari kilo moja na bati mbili. Ukipata mshahara wa kwanza usitume kwa namba mpya yoyote utakayoambiwa ni yangu. Nipigie, usikie sauti yangu kwanza.

Umeshapiga *106#?

Mama yako