Jumamosi ya kukunja dinosau wa karatasi

Assalaam aleikum wazazi wenzangu. Kwa kuwa upepo wa kusi ungetupeperushia karatasi pale bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, tutakutana barazani kwangu, Kibokoni, Jumamosi hii saa nne asubuhi.

Kila mtoto aje na karatasi tatu za mraba za sentimita 20, kwani zilizo ndogo zaidi huvisumbua vidole vyao. Mchango ni shilingi 50 za kalamu za rangi. Tutaanza na dinosau mwenye shingo ndefu, kama wale waliofukuliwa Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909: mraba hukunjwa pembe kwa pembe na kukunjuliwa, kingo mbili huletwa kwenye mkunjo wa kati, kisha ncha nyembamba huinuliwa ikawa shingo. Mikasi ibaki nyumbani.

Tafadhali thibitisheni kufikia Alhamisi jioni, mkitaja idadi ya watoto.