Kabla ya kununua pete soma vinamba vya ndani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wanaojiandaa na harusi maana watu wanalizwa sana kwenye pete. Jamani ukishika pete igeuze uangalie kwa ndani, kuna vinamba vidogo vimegongwa, 375 ni karati 9 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu), 750 ni karati 18, 916 ni karati 22, yaani katika sehemu 1000 za hiyo pete dhahabu yenyewe ni hizo tu, zilizobaki ni shaba, fedha na madini mengine. Sasa ukikuta 18K halafu pembeni kuna GP, hiyo ni ya kuchovya, dhahabu iko juu juu tu, usikubali kabisa kuuziwa kwa bei ya dhahabu kamili! 925 nayo ni fedha hata kama inang'aa njano.

Na saa je? Ikiandikwa 30M watu wanadhani unazama nayo mita 30, hapana, hiyo ni ya kunawa mikono na manyunyu ya mvua, ya kuogelea tafuta angalau 100M.

Masonara nawaomba sana muandike karati na uzito kwenye risiti, na mteja akikataliwa aende duka lingine.

Msomaji wako,
Tanga