Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: ukaguzi uanzie getini

Ndugu Kamishna,

YAH: VIBARUA WA VIWANDANI DAR ES SALAAM

Kiwanda kimoja cha Chang'ombe kina wakaguzi wengi. Ofisa Kazi huuliza mikataba, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, hutazama mashine, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hudai michango, WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nao wana lao. Kila mmoja huondoka na karatasi zake, na kibarua anaweza asiwemo katika karatasi ya yeyote.

Andrew Schrank, profesa wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Brown, na mchumi Michael Piore wamelinganisha ukaguzi wa Marekani, uliokatwa vipande na kuegemea adhabu, na ule wa Ufaransa, Hispania na Amerika ya Kusini, ambako mkaguzi mmoja hubeba sheria yote ya kazi na huweza kumpa mwajiri muda wa kujirekebisha. Huyo wa pili ana nafasi ya kufika kwenye chanzo, yaani namna kazi yenyewe inavyoendeshwa.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, akifanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Hizo ni zamu tano tu za saa tisa! Basi Ofisa asianze na faili la mikataba. Hilo limepangwa kwa ajili yake. Aanze na daftari la mlinzi getini, alilinganishe na orodha ya mishahara na ya michango ya NSSF. Aende bila taarifa, sheria inamruhusu.

Kisha aulize kwa nini. Oda zikija kwa msimu, meneja huogopa kulipa watu wakati hakuna kazi, na faini peke yake itamfundisha kuficha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa njia: kwa makubaliano ya maandishi, siku ya hadi saa 12 bila ovataimu, mradi wiki isizidi siku tano na saa 45 za kawaida, au mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, unaosawazisha saa kwa kipindi kirefu. Meneja akikaidi, ndipo apewe amri ya utekelezaji, yaani agizo rasmi la kumtaka afuate sheria.

Mkaguzi mwenye uhuru wa kuamua hunyemelewa na bahasha ya rushwa, hilo halifichiki. Kukabiliana nalo, Jamhuri ya Dominika iliwadai wakaguzi wake shahada ya sheria na mtihani wa ushindani, ikaboresha na mishahara yao.

Tunaomba uanze na Temeke: fomu moja kwa taasisi zote nne, na Ofisa apimwe kwa idadi ya vibarua walioingia kwenye orodha ya mishahara, siyo kwa faini alizokusanya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wafuatiliaji wa masuala ya kazi, Dar es Salaam