Usikivu haurudi, Mhariri

Mhariri,

Naomba kanafasi maana ile habari yenu ya vifaa vipya vya masikio imenikera, mmeandika kama vile asiyesikia anavaa tu na usikivu unarudi. Haurudi. Mama yangu anavaa mashine mwaka wa pili huu, nasema ninachokiona kila siku.

Iko hivi. Ndani kabisa ya sikio kuna kasehemu kamejikunja kama konokono, humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila sikio, ndo zinageuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Uzeeni zinaanza kufa zile za sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndo zimebeba s, f na t, wakati a na o ziko kwenye sauti nzito. Sasa chukua saa, faa, taa. Toa hizo za mbele, zote zinabaki aa! Ndo maana ukimwambia mama nipe saa anawasha taa, na sisi tulikuwa tunasema anasikia anachotaka mwenyewe, halafu tunapaza sauti, na kupaza kunakuza hiyo aa tu.

Mashine inakuza zile sauti zilizopungua kwa kipimo cha sikio lako, ila zinapita kwa seli zilezile zilizobaki. Wiki ya kwanza mama aliivua akaitupa kwenye droo, eti mfuko wa plastiki ukikunjwa unampasua kichwa, vijiko vikigongana kama vita. Hakuna aliyetuambia, hata muuzaji, kwamba ubongo ulishazisahau hizo sauti na unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Ziko ngapi kwenye madroo watu wakidhani ni mbovu?

Tena mmeichanganya na ile ya kupandikizwa kwa operesheni, hiyo haikuzi sauti kabisa, inaziruka hizo seli na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa sikio.

Na zile spika ndogo za kusikilizia muziki, ni kweli mwaka 2024 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, iliruhusu programu inayofanya AirPods Pro zitumike kama kifaa cha kusikia, mi nimefurahi sana tu. Ila ruhusa ni kwa wenye miaka 18 kwenda juu ambao usikivu umepungua kidogo au wastani. Hiyo sentensi kwenu haipo! Kuna mzazi atasoma akamvalishe mtoto, na kuna mtu sikio limezima ghafla jana usiku atakimbilia dukani badala ya kwa daktari, na hilo la ghafla ni la kuwahi, ukichelewa matibabu hayasaidii sana.

Mkiirudia hiyo habari, hiyo sentensi iwekeni. Naishia hapa maana mama yuko chumba cha pili analalamika kibodi yangu inampigia kelele.

Msomaji wenu