Fundi akisema siku 3, ziwe 3

Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Alfajiri hutoka Chake Chake kwa pikipiki, nikafika pwani ya Tumbe, kaskazini ya Pemba, vyombo vikiingia, na saa 3 niko sokoni na tenga la changu. Leo ni siku ya 19 pikipiki iko kwa fundi. Aliniambia siku 3. Mara ringi za pistoni, mara silinda, sasa spea inangojwa kutoka Unguja, na kila meli ikifunga gati naambiwa ijayo.

Napanda gari ya abiria ya 602, iendayo Konde. Hungoja ijae, utingo hataki tenga linalovuja maji, na nikishuka bado sijafika pwani. Jumatatu nilikuta mnada umekwisha; nikarudi na tenga tupu, wateja wangu wakanunua kwingine.

Kuharibika si kosa la mtu, chuma ni chuma. Kinachoniuma ni kwamba nimetoa shilingi 80,000 na sina hata kikaratasi. Nawaomba mafundi wetu waandike tarehe, kifaa walichofungua na fedha walizopokea. Na spea ikiwa haipo, waseme siku ile ile, mtu akaazime baskeli mapema.

Mchuuzi wa samaki,
Chake Chake, Pemba