Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliotembelea Majengo

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za siku nyingi.

Mwaka jana mlinikaanga kidogo katika ukumbi huu huu. Nilipopendekeza fedha za sherehe ya kiangazi zitumike kuzunguka kutazama majengo ya Norwei, mama mmoja aliuliza kama tumekosa nyumba za kutazama huko tulikotoka. Swali lilikuwa la haki, na taarifa hii ndiyo jibu langu. Mapato na matumizi mtasomewa na mhazini. Kuhusu ada sina la kuongeza, wanaodaiwa wanajijua.

Tulianzia karibu, Jumba la Opera la hapa Oslo, lililofunguliwa Aprili 2008. Wengi wetu tumelipita miaka yote tukidhani ni la wenye tiketi. Kumbe paa lake lenyewe ni uwanja. Wasanifu wa kampuni ya Snøhetta waliliteremsha paa lile la marumaru nyeupe ya Carrara mpaka likagusa maji ya ghuba, na hakuna geti wala mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Watoto walipanda mbio hadi juu, akina mama wakafungua chupa za chai, na haikupita robo saa pakawa baraza. Mwenzetu mmoja aliye kwenye kazi za ujenzi alitueleza jambo nililolishika. Nchi hii ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea porini na milimani, hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi asiharibu kitu wala kuingilia viwanja vya nyumba na mashamba ya watu. Wenyewe huita allemannsretten. Kwa maneno yake, paa lile ni haki hiyo hiyo iliyoletwa mjini.

Safari ya pili ilikuwa Hamar, na hiyo nitaisimulia polepole, maana ndiyo iliyonigeuza hata mimi. Kando ya ziwa Mjøsa kuna magofu ya ngome ya askofu ya zama za kati. Baadaye wakulima walijenga ghala juu yake, na ghala hilo ndilo alilokabidhiwa msanifu Sverre Fehn mwaka 1967 aligeuze makumbusho. Fehn hakuziba nyufa wala hakunyoosha kuta. Alipitisha njia ya zege inayoelea juu ya magofu, ukawa unatembea juu ya mawe ya kale bila kuyakanyaga. Madirisha ndiyo yaliyotusimamisha zaidi. Pale ukuta ulipobomoka vibaya, jiwe hili limetokeza na lile limeingia ndani, hakuchonga kitu ili fremu iingie. Alichukua bamba la kioo akalishikiza kwa nje, basi. Ukuta umebaki na majeraha yake na baridi haiingii. Yule mama wa swali la mwaka jana alisimama hapo muda mrefu akifuata kwa kidole ukingo wa mawe.

Nikamwambia kwamba Fehn, aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwaka 1997, alipokuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisafiri hadi Moroko kujifunza kwa wajenzi wa nyumba za udongo. Akanitazama akasema, "Sasa si ungelisema hilo mwaka jana?"

Siku hiyo hiyo tulifika Brumunddal kuona Mjøstårnet, jengo la mbao la ghorofa 18 na mita 85.4. Lilipokamilika mwaka 2019 hapakuwa na jengo la mbao refu kuliko hilo duniani; mwaka 2022 lilipitwa na moja la Milwaukee, Marekani. Nililisifu kwa hesabu zake zaidi ya sura yake. Linasimama kando ya ziwa kama mgeni asiyebisha hodi.

Safari ya tatu ilikuwa Hjerkinn, kwenye milima ya Dovre. Basi tulilokodi lilichelewa saa mbili nzima, na kwa hilo kamati inaomba radhi. Kosa kubwa zaidi ni letu wenyewe: hatukuwafikiria wazee. Kutoka maegesho ni kilomita moja na nusu ya kupanda kwa miguu, upepo usoni, na wawili walilazimika kutusubiri ndani ya basi. Safari ijayo halitatokea.

Juu kuna kibanda kilichojengwa mwaka 2011, kazi ya Snøhetta tena, na kutoka hapo unatazama mlima ambao kampuni hiyo ilichukua jina lake. Kwa nje ni sanduku la chuma lililoachwa lishike kutu, na rangi yake inafanana na ya mawe yaliyolizunguka. Upande mmoja wote ni kioo. Ndani kuna magogo ya msonobari yaliyochongwa yakajipinda kama mwamba uliolambwa na maji, nayo yaliundwa na wajenzi wa mashua wa Hardanger. Mwenzetu wa Lamu, ambaye baba yake alikuwa fundi wa majahazi, alipiga magoti akaanza kutafuta misumari. Hakuipata, viungo vimeshikwa kwa vijiti vya mbao. Aliguna tu, na kwa anayemjua, hiyo ni sifa kubwa. Mlima ulijifunika mawingu, kisha ukafunuka kwa dakika chache na mtu asikumbuke hata kutoa simu.

Ardhi ile ya chini ilikuwa uwanja wa jeshi wa mazoezi ya mizinga. Umefungwa, na barabara zake zimefukuliwa ili majani yarudi.

Lakini tusidanganyane. Nchi hii ina vibanda vya mapumziko zaidi ya 400,000, na njiani tuliona miteremko iliyopasuliwa barabara ili kila kibanda kifikiwe na gari. Majarida hupiga picha kile kimoja cha kioo.

Mwaka huu kamati inapendekeza Valldal, kwenye hoteli ya Juvet, ambako vyumba vimesimama juu ya vyuma vilivyochomekwa mwambani bila kulipua jiwe kwa baruti. Kulala hapo hatuna ubavu, tutapita tu. Majina yafike kwa katibu kabla ya Pasaka, na safari hii dereva atalipwa akishafika. Viatu vya kutembelea kwenye mawe ni lazima. Hjerkinn kuna aliyekuja na kandambili, na sitamtaja kwa kuwa yumo kwenye kamati.