Kabla hujaomba kura

Lubumbashi, Katuba

Ndugu yangu,

Barua yako imenikuta nimekaa mbele ya mbabula, jiko langu, nangoja makala, ule mkaa wetu, yashike, maana umeme haujarudi tangu Ijumaa. Kumbe unataka kuwa depute, yaani mbunge, na neno lako kubwa litakuwa msitu! Nilicheka kwanza, usikasirike. Kila asubuhi baiskeli zinaingia mjini zimebeba magunia ya makala, mwenyewe anasukuma kwa miguu, na mimi ni mteja wake. Utamwambia nini huyo ili akupe kura?

Umemtaja Mama Wangari Maathai wa Kenya (Kenya nchi, si komini ya hapa Lubumbashi yenye jina hilo) kwamba alikuwa serikalini. Naona umemwanzia mwisho. Mwaka 1977, alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, hakuwa na kiti chochote. Aliwaita akina mama wa vijijini waoteshe miche, na kwa kila mche ulioshika walipata pesa kidogo. Sikia vizuri: ulioshika, si uliopandwa. Kwetu mkubwa anapanda mti mmoja, anapigwa picha, wiki haiishi mbuzi ameumaliza. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote jijini Nairobi, alipinga. Wabunge walimcheka, lakini jumba halikujengwa.

Kura zilikuja baadaye. Mwaka 2002 watu wa Tetu, jimbo lake, walimpa asilimia 98 ya kura, akaingia bungeni. Akawa naibu waziri wa mazingira; hata tuzo ya Nobeli ya 2004 haikumpandisha kuwa waziri kamili. Halafu 2007 kiti kikamponyoka, palepale Tetu. Mtu ambaye harakati yake ilikuwa imepanda miti zaidi ya milioni 30! Hapo ndipo nililala macho wazi nikikufikiria wewe, ambaye hujaotesha hata mpapai.

Mwaka 2005 marais wa Afrika ya Kati walimfanya balozi wa msitu wa Bonde la Kongo. Sawa, lakini hilo likitajwa watu wanawaza msitu mnene wa kule mkoa wa Ikweta. Miombo yetu, msitu wa huku kwetu, ina balozi gani? Unakumbuka bowa, ule uyoga, tuliyookota na mama yako kando ya njia ya Likasi, mpaka kitenge chake kikajaa? Bowa ile inaishi na mizizi ya miti. Mti ukigeuka makala, bowa nayo imekwenda. Wamama wanaoiuza sokoni wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Ningekuwa wewe ningeanza kwao, bila fulana wala kofia zenye picha yako.

Mama Wangari alipofariki 2011 alikuwa amekataa jeneza la mbao. Lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji.

Mvua zinakaribia. Njoo na mbegu, nyuma ya nyumba yangu pana nafasi. Mbuzi wa jirani nitamfunga mwenyewe.

Msalimie mama.

Mimi, rafiki yako wa Katuba